UZI: George Foreman, bondia aliyebeba kipigo cha Kinshasa miaka 20 na siku 6

Wakuu habari za muda huu.

Kila likitajwa pambano la ngumi la Kinshasa la 1974, Muhammad Ali na George Foreman, ni Ali, Ali, Ali. Ali kwenye kamba, Ali bomaye (yaani Ali muue), Ali mjanja. Sawa, alistahili, sibishi. Ila siku ile ulingoni walikuwa wawili, na yule wa pili aliyelala chini watu wanamtaja kama mti tu uliokatwa. Mimi nimekuwa nikifuatilia maisha yake muda mrefu na kwa mtazamo wangu hadithi yake ni nzito kuliko ya aliyeshinda. Huu uzi ni wa aliyelala chini. Ni mrefu, nitaushusha kwa vipande, mwenye haraka apite tu bila kununa.

George Foreman kazaliwa 10 Januari 1949, Marshall, Texas, akakulia Houston mtaa unaitwa Fifth Ward. Mama mmoja, watoto saba, njaa ya kweli. Kuna kitu alikuwa anakisimulia mwenyewe uzeeni huwa kinanigusa: shuleni wenzake wanakuja na chakula kwenye mfuko wa karatasi, yeye hana kitu, basi anaokota mfuko uliotumika wenye madoa ya mafuta, anaupuliza hewa utune, anatembea nao ili aonekane na yeye kala. Mtoto wa aina hiyo akikua na mwili mkubwa unajua kinachofuata. Akaacha shule, akawa kibaka, anakaba watu na kukimbia na pochi zao.

Siku moja polisi wanamsaka, akajitumbukiza chini ya nyumba, kule uvunguni kwenye matope. Anawaza mbwa watamnusa, akaanza kujipaka yale matope mwili mzima ili harufu ipotee. Anasema akiwa amelala pale ndo akili ikamjia kwamba hee, kumbe mimi ni mwizi. Maana siku zote alijiona ni mtoto tu anatafuta ridhiki.

Akiwa na miaka 16 akajiunga na Job Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwafundisha kazi vijana waliokwama kimaisha. Alisikia tangazo la Jim Brown, yule staa wa mpira wa miguu wa Kimarekani, akaona kama mtu huyu anasema twende basi twende. Wakampeleka Oregon, baadaye California. Huko nako ngumi mkononi, kila siku kagombana na mtu, mpaka mwalimu mmoja anaitwa Doc Broadus akamwambia kama unapenda sana kupiga watu njoo gym upigane na watu wanaojua. Alienda. Siku ya kwanza wakamdhalilisha, akawa anapiga hewa tu.

Lakini wakuu huyu alikuwa na mkono. Hajamaliza hata miaka miwili ya ngumi za ridhaa, Oktoba 1968 yuko Mexico City kwenye Olimpiki anachukua dhahabu ya uzito wa juu kwa kumsimamisha bondia wa timu ya Sovieti (kwa asili ni Mlithuania) raundi ya pili. Akatoa kibendera kidogo cha Marekani akainamia watazamaji pande zote za ulingo. Hapo ndo alipoanza kuchukiwa na weusi wenzake, maana siku chache nyuma Tommie Smith na John Carlos walikuwa wamenyoosha ngumi jukwaani kupinga ubaguzi wakafukuzwa, halafu huyu anapunga kibendera. Mi namwelewa. Huyu alikuwa anawaza kitanda na sahani ya chakula aliyopewa na Job Corps, siasa hajazifikia. Lakini pia nawaelewa waliokasirika.

Kipande cha pili

1969 kaingia ngumi za kulipwa. Kambini alikuwa anafanya sparingi (kupigana kwa mazoezi) na Sonny Liston, bingwa wa zamani, mtu wa kuogopwa, asiyecheka, asiyesalimia. Foreman akamwiga kila kitu, kununa, kukodoa macho, kujibu waandishi kwa neno moja. Akaona bingwa ndo anatakiwa awe hivyo.

22 Januari 1973, Kingston, Jamaica. Joe Frazier ndo bingwa, 29-0 (kashinda 29, hajapoteza hata moja), amemwangusha Ali 1971, watu wanajua atamla huyu kijana. Wakuu tafuteni video yake. Frazier kapigwa chini mara sita ndani ya raundi mbili. SITA. Kuna ngumi moja imepanda toka chini, Frazier miguu yote miwili ikaachana na sakafu, yaani karuka kama mtu aliyekanyaga moto. Mwamuzi akamaliza. Foreman ni bingwa wa dunia, ana miaka 24.

Akaenda Tokyo akammaliza José Roman raundi ya kwanza. Machi 1974 akaenda Caracas akamchana Ken Norton raundi ya pili. Sasa fanya hesabu: Frazier alimpiga Ali, Norton alimpiga Ali akamvunja na taya, na hawa wote wawili Foreman hakuwafikisha hata raundi ya tatu. Ndo maana kabla ya Kinshasa watu hawakuwa wanajadili kama Ali atashinda, walikuwa wanajadili kama atatoka salama. Kwenye kambi ya Ali kwenyewe kulikuwa na hofu.

Don King, mwandaaji wa mapambano, akazunguka na ahadi ya dola milioni 5 kwa kila bondia, hela hana, Mobutu, rais wa Zaire (Kongo ya sasa), ndo akaweka mzigo mezani. Pambano lilipangwa Septemba 25. Foreman anatua Zaire na mbwa wake wa Kijerumani, wale wa polisi. Hakujua, au hakuna aliyemwambia, kwamba mbwa wa aina hiyo ndo Wabelgiji walikuwa wanawatumia kuwatisha watu enzi za ukoloni. Ali naye anatembea mitaani anabeba watoto. Ikaishia hapo, nchi nzima ikawa ya Ali kabla ngumi hazijarushwa.

Halafu akiwa mazoezini kiwiko cha mwenzake kikamchana juu ya jicho. Pambano likasogezwa mpaka Oktoba 30. Wiki zaidi ya tano mtu kakaa kwenye nchi ambayo haimtaki, kanuna, kajifungia hotelini, hapigi sparingi vizuri kwa kuogopa kidonda kufunguka.

Pambano lenyewe lilianza kama saa kumi alfajiri, ili Marekani waangalie usiku wao. Ya kwenye kamba mnayajua, Ali kuegemea kamba na kumwacha Foreman apige mpaka achoke, sitarudia. Nataka niwape upande wa Foreman kama alivyousimulia mwenyewe kwa miaka mingi. Anasema alikuwa anampiga Ali mbavuni ngumi ambazo wengine wote walishaanguka nazo. Mpaka raundi ya saba hivi akamtia moja ya nguvu zake zote, akatarajia jamaa akunjike, badala yake Ali akamkumbatia akamnong'oneza sikioni, kwani ndo hizo tu ulizonazo George? Foreman anasema moyoni akajibu, ndiyo, ndo hizo tu. Mtu mwenye 40-0, 37 kwa KO (kumaliza mpinzani kabla ya muda), miaka 25, anajibu hivyo moyoni.

Raundi ya nane, sekunde mbili kabla ya kengele, mkono wa kulia wa Ali ukamalizia. Angalieni anavyodondoka, hadondoki kama gunia, anazunguka taratibu kama anatafuta kiti. Na Ali alikuwa na ngumi nyingine tayari mkononi, akaizuia, akamwacha aende chini mwenyewe. Foreman alikuja kusema baadaye kwamba kwa ile ngumi isiyorushwa ndo alimwona Ali ni mkubwa kuliko mabondia wote.

Lakini hiyo ni baadaye sana. Pale pale alianza visingizio: kamba zililegezwa, mwamuzi kahesabu haraka, maji aliyopewa kabla ya pambano yalikuwa na ladha ya dawa. Alilalamika miaka. Na Ali hakumpa marudiano hata siku moja.

Kuna mkuu hapo juu kauliza kwa nini asimpe marudiano

Mkuu, biashara. Ali alikuwa na watu wengi wa kupigana nao kwa hela nzuri na hatari ndogo. Akarudiana na Frazier, akarudiana na Norton. Foreman ni mtu ambaye ukimbahatisha mara moja unashukuru Mungu unaondoka zako.

Tuendelee

Baada ya Kinshasa alichanganyikiwa, hilo sioni aibu kulisema. Aprili 1975 kule Toronto kapigana na watu watano siku moja, mmoja baada ya mwingine, raundi tatu tatu, na Ali kakaa pembeni ya ulingo anamzomea. Kituko. Mtu anataka dunia imwogope tena.

Januari 1976 akakutana na Ron Lyle, jamaa aliyejifunza ngumi gerezani. Kama huna muda wa kuangalia kitu kingine chochote kwenye huu uzi, angalia raundi ya nne na ya tano ya pambano hilo. Foreman chini, Lyle chini, Foreman chini tena, wanainuka wanaendelea, hakuna anayekumbuka kujikinga. Raundi ya tano Lyle hakuinuka.

Halafu 17 Machi 1977, San Juan, Puerto Rico. Jimmy Young, fundi, mtu wa kukwepa na kukera. Joto kali ukumbini. Raundi ya 12, ya mwisho, Foreman akapigwa chini, akapoteza kwa pointi. Chumba cha kubadilishia nguo ndo mambo yakatokea. Anasema alianza kutembea huku na huku ili mwili upoe, ghafla akahisi anakufa, kabisa, yuko mahali peusi patupu chini yake hakuna kitu. Akajadiliana na Mungu, nitatoa hela kwa maskini, akasikia sitaki hela yako, nakutaka wewe. Akazinduka kwenye meza, akaona damu mikononi na kwenye paji la uso, akaanza kupiga kelele kwamba Yesu anafufuka ndani yake, anawabusu watu wote mle ndani, akakimbilia bafuni. Watu wake wakasema ni joto na uchovu. Wewe amini unavyoamini, wengine watasema ubongo ulichemka, mimi najua kitu kimoja tu, yule mtu aliyeingia kile chumba hakutoka tena.

Akaacha ngumi. Ana miaka 28 tu. Akanyoa kichwa, akaanza kuhubiri kwenye kona za mitaa ya Houston, wapita njia hawamjui, akawa mchungaji, akafungua kikanisa kidogo. 1984 akafungua kituo cha vijana ili watoto kama yeye wa zamani wawe na pa kwenda. Miaka kumi anasema hata ngumi hakuikunja.

Kituo kinakula hela, hela za ngumi zikayeyuka. Siku moja kaalikwa mahali kuongea, mwenyeji akaanza kuwabana waumini watoe sadaka kumsaidia huyu bingwa wa zamani, chombo kinazungushwa, na yeye kakaa pale mbele anaona aibu mpaka miguuni. Akasema basi, hii ni mara ya mwisho kuombewa hela, mimi najua pa kuzipata, narudi kuwa bingwa wa dunia.

Kurudi

Machi 1987, Sacramento. Ana miaka 38, kilo kama 121, kitambi hicho. Wakacheka nchi nzima. Akaanza kupigana na watu wa kuokoteza, waandishi wakamwambia unapigana na watu waliotoka mochwari, na yeye anacheka nao. Hii ndo sehemu wengi wanaipita lakini kwangu ndo kiini. Yule aliyekuwa anajibu kwa neno moja sasa anawapa waandishi vichekesho mpaka wanasahau maswali. Anajitania uzito wake, anataja baga utadhani ni mdhamini. Walimuuliza kwa nini watoto wa kiume wote watano wamepewa jina George, akasema pigwa na Ali, Frazier, Norton na Holyfield halafu uone utakumbuka majina mangapi.

Na ulingoni alibadilika pia. Zamani alikuwa anarusha mikono kama anafyeka pori, raundi ya tano pumzi imekwisha, ndo kilichomuua Kinshasa. Saivi anatembea taratibu, mikono kaikunja mbele ya uso kama mtu anayesikia baridi, staili aliyoichukua kwa mzee Archie Moore, bondia wa zamani, anadokoa na kushoto, anasubiri. Na mapumziko ya raundi hakai kwenye kiti. Anasimama kwenye kona kama anasubiri gari. Mpinzani amekaa anahema, anaangalia upande wa pili anaona babu kasimama, fikiria hiyo inafanya nini kichwani.

Januari 1990 kamlaza Gerry Cooney raundi ya pili. Aprili 1991 akapata nafasi ya ubingwa kwa Evander Holyfield, akapoteza kwa pointi lakini kamaliza raundi 12 kasimama na ukumbi mzima umesimama naye. 1993 akapoteza kwa Tommy Morrison, ambaye siku ile alikimbia sana, na kukimbia ilikuwa ndo akili. Hapo wengi tukasema basi, mzee kaisha, aende akauze vyombo.

5 Novemba 1994, MGM Grand, Las Vegas. Michael Moorer, miaka 26, 35-0, wa kwanza anayepiga mashoto kushika ubingwa wa uzito wa juu, katoka kumpiga Holyfield. WBA, moja ya vyama vya ngumi vinavyotoa mikanda ya dunia, walikataa kulibariki pambano, Foreman akaenda mahakamani akashinda. Anaingia ulingoni kavaa bukta nyekundu. Ile ile ya Kinshasa! Alikuwa ameitunza miaka yote hiyo, mpira umelegea, rangi imefifia. Na kwenye kona yake kasimama Angelo Dundee, mzee yule yule aliyekuwa kwenye kona ya Ali usiku ule wa Zaire.

Raundi tisa anapigwa. Sipambi, anapigwa, uso umevimba, majaji wote watatu wana Moorer mbele. Teddy Atlas, kocha wa Moorer, anamfokea kijana wake kila mapumziko, toka mbele yake, zunguka, usisimame pale. Moorer anasimama pale pale, maana anashinda, na ukiwa unashinda nani anakusikiliza. Raundi ya 10 Foreman anatupa kushoto, kulia, kulia inagonga paji la uso. Haikuonekana nzito. Akarudia, kushoto ya kupima, kulia fupi, haikusafiri hata nusu mkono, ikatua kidevuni. Moorer kalala chali, damu mdomoni, anaangalia taa. Mwamuzi Joe Cortez akahesabu mpaka kumi.

Foreman hakuruka, hakupiga kelele. Akatembea mpaka kwenye kona, akapiga magoti, akainamisha kichwa.

Miaka 45 na siku 299, na mpaka leo hakuna aliyechukua ubingwa wa dunia wa uzito wa juu akiwa na umri mkubwa kuliko huo. Toka Kinshasa ilikuwa imepita miaka 20 na siku 6.

Kuna mtu kasema "ubingwa wa bahati, Schulz alimpiga"

Ndugu yangu, la Schulz nakupa. Aprili 1995 Foreman alitetea ubingwa kwa Axel Schulz wa Ujerumani, akashinda kwa majaji na jicho limefumba, ukumbi ukazomea, na mimi kwenye karatasi yangu Mjerumani alishinda. WBA walishamvua mkanda kwa kukataa kupigana na Tony Tucker, na alipokataa kumpa Schulz marudiano IBF, chama kingine kama WBA, nao wakachukua wao. Alikuwa anachagua wapinzani, kweli. Yaani alichofanyiwa na Ali na yeye kamfanyia mtu. Ila la Moorer kusema bahati hapana. Bahati hairudiwi na mkono ule ule mara mbili ndani ya sekunde chache.

Na deni la Schulz alilipa. Novemba 1997, miaka 48, kapigana na Shannon Briggs wa miaka 25, akampiga kwa macho ya karibu kila mtu, majaji wakampa Briggs. Foreman akatabasamu, hakukata rufaa, hakutaja maji yenye dawa. Akaenda nyumbani. Lilikuwa la mwisho: 76 kashinda, 68 kwa KO, 5 kapoteza, na katika hayo matano ni Ali peke yake aliyewahi kummaliza kabla ya kengele.

Hayo mambo ya jiko la umeme la kuchomea nyama lenye jina lake wengi mnayajua kuliko ngumi zake, kuna watoto wanadhani Foreman ni jina la jiko. Lilikaa nyumbani kwake miezi hata hajaligusa, mkewe ndo akalijaribu akamwambia linafanya kazi. Yakauzwa zaidi ya milioni 100, na 1999 kampuni ikamlipa dola kama milioni 137 ili jina lake liwe lao moja kwa moja. Kuliko hela zote alizowahi kupigania.

Kafariki 21 Machi 2025, Houston, miaka 76.

Swali la mwisho naona limerudiwa na watu watatu: yeye na Ali waliishia vipi?

Marafiki, wakubwa, wanapigiana simu. 1997 filamu ya kumbukumbu ya lile pambano la Kinshasa ilishinda Oscar, watengenezaji wakaitwa jukwaani, na Ali na Foreman wakapanda nao. Ali alishakuwa na ugonjwa wa Parkinson, miguu haimtii, pale kwenye ngazi Foreman kamshika mkono anampandisha pole pole. Kipande hicho kipo mtandaoni, ni kifupi sana. Mwenye link ya raundi ya nne ya Ron Lyle yenye picha nzuri aiweke hapa, niliyonayo ina ukungu.